Chungu Kilicholishwa Uji

Mlalo, Jumapili jioni

Mwanangu Yunisi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na wewe ndiye wa kwanza kulisikia. Lile jiwe lako halina kitu ndani. Nimelijua hilo kwa zaidi ya mwaka, nikanyamaza, na kesho asubuhi unapanda basi la Korogwe ukiwa nalo sandukuni.

Ninaandika nikiwa chumbani kwetu, dirisha liko wazi. Wewe uko nje kwenye kigoda, Bibi anakunyoa nywele za shule. Nausikia mkasi. Nasikia pia anavyokuambia habari za kufuli, za sabuni, za kutokwenda peke yako mtoni, za joto la huko bondeni. Hayo ameyasema vizuri na mimi sitayarudia. Mimi nina langu moja, na siwezi kulisema kwa mdomo. Unanijua. Dukani ni wewe unayemwambia mwenye duka tunataka nini, mimi nasimama nyuma kama mtu aliyekusindikiza.

Nianze mbali kidogo.

Mama yako, dada yangu Marta, alipofariki ulikuwa na miaka minne, nami nilikuwa na tisa. Baada ya mazishi wanawake walikaa jikoni, na shangazi yangu akakunyanyua akakuweka mapajani mwangu. Akasema, "Debora, wewe ndiye mama yake mdogo. Huyu sasa ni mwanao." Ni maneno yanayosemwa misibani. Kila mtu pale alijua kwamba atakayekulea ni Bibi, mama yetu mimi na Marta. Lakini mimi niliyachukua kama yalivyo. Nilikuwa mtoto wa vitabu, na mtoto wa vitabu huamini maneno.

Bibi naye hakuyafanyia mzaha. Tangu siku ile alikulazimisha uniamkie kila asubuhi. Nakumbuka wasichana wa darasa langu walipokusikia njiani ukiniambia "Shikamoo, mama mdogo," walicheka hadi wakakaa chini. Mmoja akasema, "Marahaba iko wapi, mama? Mtoto anasubiri." Niliitikia kwa sauti ambayo hata wewe hukuisikia, ukarudia shikamoo kwa nguvu zaidi. Walinitania kwa hilo mpaka darasa la saba. Nilikuwa naona haya, lakini ndani yangu nilifurahi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniamkia.

Sikuwa mama mzuri. Nakuandikia hili kwa sababu Bibi hatakuambia. Siku moja nilitumwa nikuchunge kwenye shamba la kabichi, nami nilikuwa na kitabu cha kuazima kilichotakiwa kurudi kesho yake. Nilipoinua macho, hukuwepo. Ulikuwa umeteremka hadi kwenye mfereji wa kumwagilia, umekaa ndani ya maji hadi kifuani, unatetemeka na kunitazama. Hukuniita. Nilikuuliza kwa nini hukuniita, ukasema, "Ulikuwa unasoma." Nilikukausha kwa kanga yangu na nikakuomba usimwambie Bibi, na wewe hukumwambia. Ulikuwa na miaka mitano, na tayari nilikuwa nimekufundisha kunyamaza kwa ajili yangu. Hilo la mfereji nilidhani ni kosa dogo. Sasa naona kwamba la jiwe limetoka humohumo.

Jiwe uliliokota siku ya mazishi. Watu walipokuwa wanachimba, udongo na mawe vilirundikwa kando, na wewe ukachagua moja, la kijivu lenye mstari mweupe, kubwa kama kiazi. Hakuna aliyekunyang'anya. Ulilala nalo miaka yote, chini ya mto. Nami nililikubali kama tunavyokubali kovu la mtu wa nyumbani. Huliulizi.

Nilipofika kidato cha nne, Mwalimu wetu wa kemia alitupa karatasi aliyoichapisha, habari za gari la roboti lililoko kwenye sayari ya Mirihi. Unazikumbuka habari hizo, maana nilikusimulia mpaka ukanikataza. Gari lile linatoboa mwamba, linachukua unga wake, linautia kwenye tanuri dogo kama kidole gumba na kuuchoma. Kisha linanusa moshi. Likinusa molekuli za kikaboni, yaani zile zilizojengwa kwa minyororo ya kaboni, watu huku duniani wanashangilia. Si kwamba wamepata uhai. Molekuli hizo zinaweza kuachwa na kiumbe hai, na zinaweza kutokea zenyewe, hata ndani ya vimondo kuna nyingi. Ila ndizo matofali yanayojenga uhai. Na zinaweza kukaa ndani ya mwamba muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kufikiri, katika matope ya ziwa lililokauka kabla Usambara haijawa milima.

Wewe ulikuwa darasa la sita. Ulisikiliza yote, kisha ukaniuliza, "Kwa hiyo kitu kikioza, si lazima kiishe?"

Nikakujibu, "Si lazima."

Asubuhi yake nilikuta jiwe juu ya daftari langu.

Ndivyo mradi ulivyoanza. Mwalimu alikuwa anatafuta kazi ya kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya, nami nikamwambia kwa karatasi, kwa sababu sikuweza kumwambia uso kwa uso, kwamba nataka kufanya kama lile gari. Akakubali. Nilivunja pembe ya jiwe lako kwa nyundo, juu ya kipande cha chuma nilichokichoma kwanza hadi kikawa chekundu, ili kisiwe na mafuta. Nilinawa mikono mara tatu. Kwa tanuri, nilitaka chombo ambacho hakijawahi kupikiwa chochote. Bibi alikuwa amenunua vyungu viwili sokoni, kikubwa na kidogo, na kile kidogo kilikuwa bado kinang'aa wekundu wa moto wa mfinyanzi. Nikakiomba. Akanipa bila neno. Niliandika kwenye ripoti, kwa wino wa bluu, "Chombo kipya kabisa, hakijatumika." Nilijivunia sentensi hiyo kuliko zote.

Unakumbuka siku tulipochoma. Mwalimu alikuwepo, wenzangu wanne walikuwepo, na wewe ulikuja kwa sababu jiwe ni lako. Nilitia unga chunguni, nikaweka chungu kwenye jiko la mkaa, nikashika kioo baridi juu ya mdomo wake. Baada ya muda kioo kikapata ukungu wa kahawia. Harufu ikatoka. Mwalimu akainama, akanusa, akasema taratibu, "Kuna kitu kinaungua humu. Jiwe haliungui. Debora, una kaboni." Wenzangu wakapiga makofi.

Na wewe ukasema, "Mama mdogo, inanukia kama uji ulioungua."

Walicheka wote. Mmoja akasema, "Mpeni uji huyo, ana njaa." Nami, Yunisi, nilikugeukia nikakuambia, "Nyamaza. Hapa ni maabara." Ulinyamaza. Ulikuwa umezoea.

Hilo ndilo ninaloliwaza kila ninapokutazama ukipanga vitu vyako. Katika watu saba waliokuwa pale, mmoja tu aliiamini pua yake, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Tulipata cheti. Jina langu liliandikwa vizuri, na lako liliandikwa chini yake, "mwenye jiwe". Bibi alikitundika kando ya picha ya mama yako, akasimama akakitazama mikono ikiwa kiunoni. Usiku ule, kabla hujalala, uliniuliza swali. "Kwa hiyo mama yumo?"

Nilijua jibu hata kabla sijajua habari za chungu. Jiwe lilitoka ardhini kabla mama yako hajaingia. Lililala juu ya nyasi wakati yeye anateremshwa. Hata kama lingekuwa na kitu, kisingekuwa chake. Hilo halihitaji maabara. Lakini sikukujibu, nawe ukachukua kimya changu kuwa ndiyo, ukageuka ukutani ukalala mpaka asubuhi. Ulikuwa hulali hivyo. Nikajiambia, kama kimya kinampa mtoto usingizi, kina ubaya gani?

Wiki tatu baadaye nilimkuta Bibi jikoni anachemsha uji mwepesi sana katika chungu kingine kipya. Aliukoroga, akauzungusha hadi ukingoni, kisha akaumwaga nje kwa kuku.

"Mama, mbona unaumwaga?"

"Sipiki. Nakilisha."

"Unalisha nani?"

"Chungu. Chungu kikitoka kwa mfinyanzi kina njaa. Usipokilisha, kitakunywa mchuzi wako wote na kitavuja. Huko shuleni hawawafundishi hili?"

Nikamwuliza, "Na kile kidogo nilichochukua mimi?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nilikilisha siku ileile niliyokinunua. Ningekupa chungu chenye njaa uende kuaibika nacho mbele ya walimu?"

Aliniwekea uji kwa upendo, ndani ya vitundu vya udongo, mahali ambapo maji ya kunawa hayafiki. Na mimi, msichana ninayeishi katika nyumba ambamo vyungu vinalishwa tangu sijazaliwa, sikuuliza, kwa sababu niliamini kwamba kipya maana yake kitupu.

Niliteremka sokoni siku ya soko, nikamtafuta mama mfinyanzi mwenyewe, nikamwomba chungu ambacho hakijalishwa. Alicheka, akasema nitarudi kulalamika kinavuja. Nilikichoma nyuma ya zizi, siku ambayo wewe na Bibi mlikwenda kanisani nami nikasema kichwa kinaniuma. Kwanza nilikichoma kikiwa kitupu. Hakuna harufu. Kisha nikatia unga wa jiwe lako, ule uliobaki kwenye bahasha. Kioo kilibaki cheupe. Nikanusa mpaka pua ikaniuma kwa joto. Hakuna kitu.

Baadaye nilisoma tena zile karatasi za Mwalimu, nikaona kile nilichokiruka mara ya kwanza kwa haraka ya kufika kwenye ugunduzi. Lile gari la Mirihi limebeba vipande vya udongo wa kuchoma vilivyotengenezwa visiwe na kaboni ya aina ile hata chembe. Kazi ya vipande hivyo ni kutobolewa na kuchomwa vile vile kama mwamba. Vikitoa harufu, watu wanajua kwamba harufu ni ya gari lenyewe, si ya sayari. Wamebeba kitu kitupu umbali wote huo ili kijulikane kitupu kinanukia nini. Mimi nilikuwa na chungu mkononi na sikukichoma kitupu hata dakika moja.

Nilisoma na habari ya pili, nayo nakuandikia kwa sababu sitaki ubaki na ile ya kwanza peke yake. Zamani, kabla mimi na wewe hatujazaliwa, vyombo vingine vilitua huko, vikachoma udongo, na karibu kila kilichonuswa kikasemwa ni mabaki ya dawa za kusafishia vyombo. Watu wakasema Mirihi haina kitu. Ilichukua miaka mingi kugundua kwamba udongo ule una chumvi ambayo ikipata moto huunguza molekuli hizo zenyewe. Huenda walikuwa wameziteketeza kwa tendo lilelile la kuzitafuta. Kwa hiyo sikuambii kwamba jiwe lako halijawahi kuwa na kitu tangu dunia iumbwe. Nakuambia kwamba nimelichoma kwa chungu kitupu, na pua yangu haikupata kitu. Zaidi ya hapo sijui.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Lakini ulipokwenda kwenye usaili wa shule ya Korogwe, wewe unayejua kusema, uliwaeleza habari za jiwe, na yule mwalimu wa sayansi wa huko akakuambia ulilete, mtalipima naye. Ulirudi ukirukaruka kwa furaha. Mimi nilikwenda kuteka maji ili usinione uso. Tangu siku hiyo nalifuata sanduku lako kwa mawazo, hatua kwa hatua. Utafika, utalitoa, watalichoma katika chombo safi cha maabara, na hapatanuka kitu. Utasimama mbele ya watu usiowajua, ukiwa na wiki moja shuleni, na mtu atakuuliza nani alikuambia. Utamtaja mama yako mdogo. Na halafu usiku, kitandani, utaelewa na lile lingine, kuhusu mama yako, peke yako, bila mtu wa kumgeukia. Hilo siwezi kukuacha ulipate huko.

Sina picha nyingi za kukupa za dada Marta. Nilikuwa mdogo. Najua kwamba alikuwa anasonga bada, ugali wa muhogo, huku anaimba, na akikosea maneno ya wimbo hakurudi nyuma kurekebisha. Najua alikuita "mgeni wangu" kwa sababu ulizaliwa siku ambayo hakukutegemea. Hivi ni vyako. Havikutoka kwenye jiwe na havihitaji kupimwa.

Nilitaka barua hii niifiche chini ya nguo zako, uikute huko. Nilikuwa hata nimechagua mahali, ndani ya sweta. Sasa nimesikia Bibi akisema, "Simama nikupanguse nywele," na nimeona kwamba kuificha ni kukuacha tena kwenye mfereji huku mimi nasoma. Ninaweka kalamu chini.

*

Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri.

Mengi yanayofuata umeyaona mwenyewe. Nayaandika kwa sababu Mwalimu husema jaribio lisiloandikwa halijafanyika.

Jana jioni nilitoka nje na kurasa hizi, nikakupa, nikakaa kwenye kigoda chako juu ya nywele zako. Ulisoma umesimama. Ulipofika kwenye uji ulioungua ulisita, ukarudia mstari kwa kidole. Ulipofika kwenye swali la usiku ule uliingia ndani ukafunga mlango. Bibi aliniuliza, "Umemwandikia nini mtoto?" Nikamwambia yote, na ya chungu pia. Akasema, "Kwa hiyo uji wangu ndio uliopata cheti." Hakucheka. Baada ya muda akacheka kidogo.

Ulipotoka macho yalikuwa mekundu. Hukuniita mama mdogo wala kitu chochote. Ulisema, "Vyungu viko wapi? Vyote viwili."

Tuliwasha jiko uani. Wewe ndiye uliyeshika kioo. Ulianza na chungu kisicholishwa, kikiwa kitupu, kisha ukatia unga wa jiwe ulioupiga mwenyewe. Ulinusa. Ulimpa Bibi anuse. Kisha ulichukua kile chungu cha maonyesho, kitupu, ukakiweka kwenye makaa. Ni muda mrefu kimekaa, lakini harufu ilitoka, hafifu, na kioo kikapata ukungu pembeni.

"Uji," ukasema.

"Uji," nikasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Usiku ulilala umenipa mgongo.

Leo alfajiri, ulipokuwa unaoga, nilikitoa cheti ukutani, nikakibeba kwa Mwalimu pale nyuma ya kanisa. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Nilimwamkia, nikamweleza kwa mdomo wangu, bila karatasi. Alisikiliza bila kuacha kukamua. Akasema, "Ungekuja mwaka jana ningekukasirikia kidogo. Leo nimekukasirikia zaidi." Kisha akasema, "Na mimi sikukwambia uchome kitupu. Jumamosi lete vyungu vyote viwili. Tutaandika upya, tutapeleka wilayani." Cheti amebaki nacho.

Niliporudi ulikuwa umevaa sare, unafunga sanduku. Jiwe lilikuwa juu ya kitanda, limefungwa kwenye soksi. Nilikuuliza kama bado unakwenda nalo.

Ulisema, "Ni jiwe la siku ile. Mwalimu wa huko nitamwambia tumelipima na halikunuka kitu. Nitamwambia na habari ya chungu." Ukalitia pembeni mwa sanduku, ukafunga. Kisha ukasema, "Andika mwisho, basi, nikaisome tena njiani," nami nikakaa hapa mezani nikaandika haya.

Bibi ametia chai kwenye vikombe. Nimetia ufunguo wa kufuli kwenye kamba na nimeuvalisha shingoni mwako, na sanduku nalibeba mimi hadi stendi.

Mama yako mdogo,
Debora